Chakula cha Karibu

Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Methali hii twaijua sote, lakini ni wachache waipimao kwa sahani zao.

Mwezi wa Februari mwaka 2022 Urusi iliivamia Ukraine. Bandari za Bahari Nyeusi zilizibwa, na bei ya unga wa ngano ikapanda hapa Kenya, kwa kuwa sehemu kubwa ya ngano tuilayo hutoka ng'ambo. Ugomvi wa watu wa mbali ukaingia katika kikapu cha mama sokoni.

Hapo wako waliosema, "Basi na tule mtama na mihogo." Neno jema, ila lilichelewa. Mkulima hupanda kile kinunuliwacho. Tukiudharau mtama wake siku za neema ataacha kuupanda, na siku ya dhiki tutauomba wala hatutaupata. Kwa hiyo kula wimbi, kunde na mchicha katika majira yake si unyonge. Ni kumsaidia jirani alitunze shamba litakalotulisha kesho.

Usidhani, msomaji, kwamba nakufundisha kuchukia chakula cha mgeni. Mahindi yenyewe asili yake ni Amerika. Tena kaskazini mwa Kenya mvua zilikosekana misimu 5 mfululizo, tangu 2020 hata 2022, na wengi waliokolewa kwa chakula kilichotoka mbali. Mwenye busara huwa na milango miwili, wa jirani na wa mgeni. Lakini mlango usiofunguliwa siku zote hushika kutu. Je, wewe wafungua upi?