Vita vya Kuigiza

Kujifunza bila kufa ni neema. Mwaka 1934, baada ya marubani wake kadhaa kufa wakichukua barua kwa ndege katika giza na dhoruba, jeshi la Marekani lilinunua mitambo ya Edwin Link, ambayo rubani alijizoeza kuongoza ndege hali yu ardhini. Leo askari huvaa miwani ya kompyuta akaona vita vizima mbele yake: adui huja, hupigwa, huanguka. Zoezi likiisha, aliyeanguka huinuka tena. Hapo pana hatari. Mtambo huufunza mkono shabaha, bali thamani ya uhai haumo ndani yake. Basi anayemfunza askari kupiga na amfunze pia kujizuia, kwani vitani aliyekufa hafufuki.