Je, Shabiki ni Mfiwa?

Katika lugha yetu mtu hafi peke yake. Kitenzi kufa kina watoto wake: kuna kufia, na kuna kufiwa. Anayekufa ni mmoja, wanaofiwa ni wengi. Na mfiwa, ukilichambua neno lenyewe, ni mtu aliyefikiwa na kifo ilhali yeye yu hai. Ndiyo maana mtaani, habari ya msiba ikitangaa, hatuishii kuuliza nani kafa. Twauliza pia wafiwa ni nani, ili tujue nyumba ya kwenda kuhani na mkono wa rambirambi tumpe nani.

Swali langu la leo limezaliwa na swali hilo. Mtu ampendapo mchezaji ambaye hajapata hata kumsalimu, na mchezaji yule akafa ghafla, je, mtu huyo naye ahesabiwe miongoni mwa wafiwa? Au machozi yake ni ya kuazima?

Nitachukua mfano katika mchezo wa kriketi. Mchezo huo si mgeni kabisa kwetu visiwani. Wazee wetu waliuona ukichezwa Mnazi Mmoja zama za ukoloni. Lakini kisa chenyewe ni cha Australia, nchi ambayo watu wake huupenda kama sisi tupendavyo kandanda.

Tarehe 25 Novemba 2014, katika uwanja mkuu wa kriketi wa Sydney, Phillip Hughes alikuwa zamu ya kupiga. Alikuwa kijana wa Macksville, mji mdogo wa jimbo la New South Wales, mtoto wa mkulima wa migomba. Mwaka 2009, akiwa na miaka 20 tu, alikwisha kuwatia watu vidole vinywani kule Durban, alipopata mikimbio zaidi ya mia katika kila zamu yake mbili za mechi moja dhidi ya Afrika Kusini. Siku hiyo ya Sydney alikuwa amefikisha mikimbio 63. Mrushaji, Sean Abbott, kijana wa miaka 22, akatupa mpira wa aina inayoruhusiwa na sheria za mchezo: ule unaodunda chini ukapanda kumwelekea mpigaji kifuani au kichwani. Hughes akageuka aupige. Mpira ukamkosa gongo, ukampata shingoni, mahali ambapo helmeti yake haikufika. Akaanguka, wala hakuzinduka tena. Alifariki tarehe 27, zikiwa zimebaki siku tatu atimize miaka 26.

Walioshika msiba hawakuwa ndugu na marafiki peke yao. Ulitoka wito kwamba kila mwenye gongo la kriketi aliegemeze nje ya mlango wake, na watu wakaitikia, Australia na nchi nyingine nyingi. Watoto waliweka vigongo vyao vidogo. Wazee wakatoa vya zamani vilivyokuwa vimelala makabatini. Huko Sharjah, ambako New Zealand ilikuwa ikicheza na Pakistan, mchezo wa siku ile uliahirishwa. Na uliporejea, wachezaji wa New Zealand hawakushangilia walipomtoa mpigaji. Na timu ya Australia iliporudi uwanjani Adelaide, Desemba mwaka ule, umati ulisimama ukampigia makofi kwa sekunde 63.

Wako watakaosema, na hoja yao ina uzito, kwamba haya ni maombolezo ya bei rahisi. Siku ile ile walikufa watu wengi duniani ambao hakuna aliyewatolea hata kijiti nje ya mlango. Isitoshe, mashabiki hawa ndio waliokuwa wakiishangilia mipira ya kasi inayowatisha wapigaji. Hatari ilikuwa sehemu ya starehe yao. Kisha uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mgeni anayelia kumshinda mama wa marehemu huyo hakuja kuhani, amekuja kutazamwa.

Nakubali kwamba shabiki si mfiwa. Hakuondokewa na mtu ambaye kiti chake kitabaki kitupu nyumbani kwake. Alichopoteza ni furaha aliyoizoea, na jina alilolingojea redioni. Lakini mila zetu hazikuwagawa watu makundi mawili tu, wafiwa na wasiohusika. Baina yao yuko jirani. Jirani hakufiwa, walakini huenda akachota maji, akatandika majamvi, akapika, akakaa kimya barazani na wanaume wenzake. Haulizwi alimjua marehemu kwa kiasi gani. Heshima yake yatokana na jambo moja: kwamba alikuja kubeba kitu, hakuja kuchukua.

Nikiyatazama magongo yale kwa jicho hilo, nayaona ya kijirani. Hayakuwekwa mlangoni kwa wazazi wa Hughes, yaliwekwa kila mtu mlangoni kwake. Ni kama kusema: nyumba ya msiba ni ile kule, nasi hatutaiingilia, ila hapa pia tumeinamisha kichwa.

Hata hivyo kipimo cha jirani mwema hakiishi hapo, na hili nalisema kwa aibu. Nilipokuwa mtoto, wawili katika wenzetu walipanda mwembe. Mmoja alilitikisa tawi ili embe zianguke, kama tulivyofanya sote kila msimu. Mwenzake akateleza, akafa. Mtaa mzima ulihamia nyumba ya marehemu. Nasi watoto tulipelekwa, tukaketi, tukalia. Hakuna aliyekwenda nyumba ya pili, nyumba ya yule aliyetikisa tawi, na ilikuwa mlango wa tatu tu kutoka kwetu. Hatukumtukana wala hatukumnyooshea kidole. Tulimwacha tu. Aliacha kutoka kucheza, na baada ya muda wakwao wakahama. Nimekwisha kuandika mashairi mengi ya maombolezo tangu wakati ule, na kila mara hujiuliza kama hayo si njia ya kupita mbele ya mlango ule nikiwa nimegeuza uso.

Ndiyo sababu, katika kisa cha Hughes, kinachonigusa kuliko magongo ni habari ya Abbott. Ingelikuwa rahisi mapenzi ya umati yageuke hasira, kwani mapenzi ya shabiki yana tabia ya umiliki: mchezaji wetu, kwa hiyo nani katuulia? Badala yake, tangu saa za mwanzo, wachezaji wenzake na mashabiki wengi walimkumbuka na yeye, wakasema wazi kwamba hana kosa. Alikuwapo mazikoni Macksville, tarehe 3 Desemba. Siku chache baadaye alirudi kurusha mpira katika uwanja ule ule wa Sydney, na watu wakampokea. Nathubutu kusema kwamba hapo ndipo kilio cha mashabiki kilipothibitika kuwa cha kweli, maana kilikuwa na nafasi ya watu wawili.

Nisifiche kwamba matanga hayakuanuliwa kwa wote siku moja. Uchunguzi rasmi wa kifo hicho, mwaka 2016, ulihitimisha kwamba hakuna wa kulaumiwa. Lakini familia ilikuwa na maswali mazito juu ya namna mchezo wa siku ile ulivyochezwa. Hiyo ni haki ya mfiwa. Jirani amekwisha kurudi kwake, jamvi limekunjwa, naye angali anauliza. Na jirani hana ruhusa ya kumwambia sasa basi. Anachoweza ni kuhakikisha kwamba msiba umebadilisha kitu. Kinga za shingo, ambazo siku ile Hughes hakuwa nazo, Australia ilizifanya za lazima kwa wapigaji wake mwaka 2023. Ilichukua karibu miaka tisa. Majonzi yaliyowasimamisha watu sekunde 63 yalihitaji muda wote huo kuwa kinga ya shingo ya mtoto wa mtu mwingine.

Kwa hiyo, msomaji, atakapofariki yule umpendaye ambaye hakukujua, lia ukipenda. Usijione mnafiki, wala usijifanye mfiwa. Kisha tazama mtaani, uone ni mlango gani haujabishwa hodi.

Mgeni kwenye msiba, kazi yake si kulia,
Hata yakiwa si haba, machozi yalotujia;
Amfikirie baba, naye alorusha pia,
Asiufunge mlango, kuna aliyesalia.