Neno Linaloingia Bila Hodi

Kwa miaka mitatu Sala ya Bwana imekuwa ikinishinda mahali pamoja. Tuko kanisani Njombe, tumejitanda mashuka juu ya makoti kwa baridi ya Juni, nami naanza vizuri pamoja na wenzangu. Mara nimo Makambako, nyuma ya lori, namtazama dalali aliyepakia magunia kumi na manne ya viazi vyangu, kila moja lumbesa, akaahidi kuleta fedha akirudi kutoka Dar es Salaam. Hakurudi. Nikizinduka, usharika umefika kwenye Amina, na mdomo wangu umetamka kila neno pamoja nao.

Niliihesabu hiyo kuwa dhambi. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na wanafunzi waliokuwa wakitazama dirishani niliwaambia: mnasikia, lakini hamsikilizi. Niliamini kwamba asiyesikiliza haingiwi na kitu. Tena sisi Walutheri tumeonywa. Mwaka 1535 Martin Luther alimwandikia kinyozi wake, Peter, kijitabu kuhusu namna ya kusali, na mfano alioutumia ni wa kinyozi mwenyewe: nia na macho viwe kwenye wembe, la sivyo atamkata mtu. Mimi nilikuwa kinyozi anayenyoa huku anaangalia barabarani.

Kilichonifanya nifikiri upya ni stendi ya Makambako. Pale ndipo barabara ya Njombe na Songea inapoiacha ile kuu iendayo Mbeya, kwa hiyo wapiga debe wanaita miji yote kwa pamoja, na baada ya nusu saa makelele yao huwa kama mvua juu ya bati. Nilikuwa kwenye kiti cha dirishani nikipiga hesabu za mbolea, sisikii neno. Nyuma yangu mtu akasema kwa sauti ya chini, "Kamwene." Hakuwa akinisalimu mimi. Nilikuwa nimeshageuka kabla sijajua nimesikia nini. Basi ni nani aliyekuwa akiyachambua yale makelele hata akaitambua salamu ya kwetu?

Wanasaikolojia wamelihangaikia swali hilo muda mrefu. Mwaka 1953 Colin Cherry aliwavisha watu vipokea sauti, kila sikio na maneno yake, akawataka wafuatishe kwa mdomo yale ya sikio moja. Ya sikio la pili hawakuweza kuyaeleza. Hata lugha ilipobadilishwa kuwa Kijerumani hawakugundua. Lakini mwaka 1959 Neville Moray alipoyatanguliza maneno ya sikio lililopuuzwa kwa jina la msikilizaji, karibu theluthi walilisikia. Kisha Donald MacKay, mwaka 1973, akatumia sentensi zenye maana mbili. Kwa Kiswahili ingekuwa kama kumwambia mtu, "Alishika kaa kwa mkono," huku sikio la pili likipewa neno "moto" au "bahari". Neno lile hulikumbuki, wala huwezi kuapa kwamba lilisemwa. Hata hivyo ndilo lililokuamulia kama ni kaa la moto au kaa wa baharini. Wapo wanaopinga, wakisema huenda usikivu huponyoka kidogo tu na kurudi bila mwenyewe kujua. Iwe hivyo. Bado si mimi niliyeutuma.

Jumapili moja nikaanza kuangalia ni wapi hasa ninapoondoka. Haikuwa kwenye mbingu wala kwenye mkate. Ilikuwa kwenye msamaha, pale ambapo Mathayo 6:12 hutumia neno deni. Kila wiki, neno lile lile. Nilidhani mawazo yangu yanaikimbia sala, kumbe ni sala iliyokuwa ikinipeleka Makambako, kwa mtu yule yule inayemtaja.

Kwa hiyo sikubaliani na anayesema kwamba sala ya midomo ni upepo mtupu. Maana ya neno haibishi hodi. Ila siwezi pia kumkubali anayejifariji kwamba inatosha kutamka, roho itajisikilizia yenyewe. Kile kinachopokea maneno ndani yangu bila mimi kujua kilijua deni ni nini, kikamtafuta mdeni, kikaniwekea sura yake mbele ya macho. Kazi hiyo kiliifanya kwa miaka mitatu, na kila Jumapili nilitoka kanisani na hasira mbichi. Kutambua kinaweza. Kusamehe hakiwezi kunisamehea. Hilo linanitaka mimi niwepo.

Dalali yule bado sijamsamehe, na viazi vile vilikuwa ada ya mjukuu. Lakini siku hizi tukifika pale siifukuzi sura yake. Nanyamaza, nawaacha wenzangu watangulie, nabaki na neno moja mpaka wanaposema Amina.