Je, Brashi ya Mchoraji Yaweza Kuwa Ibada?

Ndugu msomaji, kijana mmoja wa Rwamgasa, mkoani Geita, mchoraji wa mabango aliyeingia karibuni katika Uislamu, aliniuliza: "Sheikh, je, nizitupe brashi zangu? Nimeambiwa kila picha ni haramu." Swali hilo ni zito, kwani brashi ndizo zinazowalisha watoto wake.

Ni kweli kwamba Hadithi zinawaonya vikali watengenezao sanamu. Lakini tuitazame sababu. Waarabu wa zama za ujinga waliviabudu walivyovichonga kwa mikono yao, naye Mtume Mtukufu (s.a.w.) alikuja kuung'oa mzizi wa shirki. Hata hivyo, Kurani Tukufu katika Sura Saba inataja sanamu alizotengenezewa Nabii Sulaiman (a.s.), wala haimlaumu. Na pazia lenye picha la Bibi Aisha (r.a.) lilipokatwa likafanywa mito, Mtume (s.a.w.) aliiegemea. Basi kilichokatazwa ni kuitukuza picha na kuitumia katika upotovu.

Wengine hudhani sanaa ya Kiislamu ni kuandika aya kwa nakshi tu. Nakshi ni njema. Maandishi ya Kikufi katika msikiti wa Kizimkazi, Unguja, ya mwaka 500 Hijria (1107), yangali yanapendeza macho. Lakini aandikaye Bismillahi juu ya duka la mnunuzi wa dhahabu mwenye mizani ya hila, amepamba nini? Sura Al-Mutaffifin inawaonya wapunjao vipimo kuwa wataangamia.

Wachimbaji wadogo hunasa dhahabu kwa zebaki, kisha huichoma. Mvuke wake hauonekani, nao hudhuru ubongo, figo na mtoto aliye tumboni. Mama asiyejua kusoma ataonywaje? Kwa picha: karai motoni, mama mjamzito akiondoka, na kando yake chombo kilichofungwa kinachozuia mvuke. Picha hiyo haina aya hata moja, lakini imebeba fundisho la Kurani kwamba aokoaye nafsi moja ni kama ameokoa watu wote.

Nilimjibu: "Usizitupe. Ila kabla ya kuchovya rangi, jiulize kama bango hili litamwambia mpita njia kweli au uongo, litamfaa au litamdhuru."

Akanyamaza, maana wateja wake wakubwa walikuwa wenye vilabu vya pombe. Kisha akasema, "Basi nimejua ni kazi ipi nitaiacha."

Ndugu msomaji, nawe kazi ya mikono yako yawaambia nini watu? Mwenyezi Mungu atujalie kuifanya kwa ukweli. Amin.