Tundu Dogo Katika Wavu



Wakulima wa nyanya wamjua adui aitwaye kantangaze, nondo mdogo arukaye usiku. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Mwaka 2006 alionekana Hispania, na mwaka 2014 alikuwa amekwisha kufika Tanzania. Jike mmoja aweza kutaga mayai hata 260. Kiwavi wake huingia ndani ya jani, akalila kati ya ngozi zake mbili. Humo dawa inyunyiziwayo juu haimfikii kwa urahisi.

Nasi tulijenga kitalu cha wavu ili kuilinda miche michanga. Tuliona tundu dogo karibu na mlango, tukasema, "Tutaliziba kesho." Kesho ikawa juma zima, na miche mingi ikaharibika.

Ndipo tulipowakumbuka watoto wetu wa kipaimara. Neno la uchungu la baba, uongo mdogo wa mama, sala ya jioni iliyoachwa: je, hayo siyo matundu? Jani laonekana bichi, kumbe ndani limeliwa.

Mkulima mwangalifu huyapindua majani kila asubuhi. Lenye alama hulichuma, akalichoma moto. Mnavu ulio mlangoni huung'oa, maana nao humlea adui. Basi nasi tukeshe vivyo hivyo nyumbani mwetu.

Hata hivyo, miche michache iliyobakiwa na kilele kizima ilichipuka tena. Hilo si kazi ya mikono yetu. Bwana hamtupi aliyejeruhiwa. Yeye huotesha, nasi tumewekwa kulinda. Tuzibe leo. Amin.