Mzigo na Kosa

Wengi wetu hapa Moshi tuna mtoto, mjomba au jirani aliye mpagazi, au "mgumu" kama waitwavyo huko mlimani. Siku moja twasikia kafukuzwa kazi: kamtukana kiongozi wa msafara, au katua mzigo njiani akashuka zake. Upesi twasema vijana hawana adabu. Je, ndivyo?

Kikomo cha mzigo wa mpagazi ni kilo 20, nao hupimwa langoni, kama pale Marangu na Machame. Lakini mizani ya langoni haipandi naye. Mbele ya safari mwenzake akiugua, mzigo wake hugawanywa kwa waliobaki. Mtu amelala kwa baridi, amekula mara moja, na malipo yake hajui yatakuwa kiasi gani. Mradi wa Kuwasaidia Wapagazi wa Kilimanjaro, ulioanza mwaka 2003, huwaazima nguo za baridi bila malipo. Maana yake wapo wanaopanda bila hizo.

Hatusemi uchovu hufuta kosa. Aliyeiba fedha za mgeni ameiba, na wenzake waliochoka vilevile hawakuiba. Bali tusi la siku ya nne si sawa na wizi uliopangwa. Kanuni za kazi za mwaka 2007 zamtaka mwajiri, kabla ya kumwachisha mtu, atazame mazingira ya kosa na mwenendo wake wa nyuma. Wapagazi wengi ni vibarua wa safari moja tu, lakini busara hiyo yawafaa. Na aliyemwongezea kilo kumi baada ya lango, naye aitwe kwenye kikao hicho hicho aulizwe.