Jina la Mdeni

Somo: 2 Wafalme 4:1-7



Somo letu ni habari ya mjane wa mmojawapo wa wana wa manabii. Mume wake alikuwa mtu mcha Mungu, naye alikufa akaacha deni. Yule aliyemwia akaja kuwatwaa wanawe wawili wawe watumwa. Mwanamke akamlilia Elisha. Naye nabii akamwuliza ana kitu gani nyumbani. Hakuwa na kitu ila chupa ya mafuta. Ndipo akaagizwa aende akaazime vyombo vitupu kwa jirani zake wote, wala asiazime vichache. Ajifungie ndani pamoja na wanawe, amimine. Kisha auze mafuta, alipe deni, nao waishi kwa kile kitakachosalia.

Wahubiri wengi huifanya habari hii kuwa habari ya mafuta. Mimi nataka leo tuvitazame vyombo. Mwanamke huyu alikuwa na mwia mlangoni, na bila shaka jirani walijua, kwa maana neno la namna hiyo halifichiki. Hata hivyo alipobisha hodi na kuomba mtungi, alipewa. Akapewa na wa pili, na wa tatu, hata nyumba ikajaa. Hatusomi ya kuwa mtu alimkopesha fedha. Lakini mtungi walimwamini nao. Jina lake kwa mwenye fedha lilikuwa limekufa, na jina lake kwa jirani lilikuwa hai bado. Mungu akaanza kazi yake kwa lile lililokuwa hai.

Nawaandikia neno hili kwa sababu katika sharika zetu, pande zote mbili za mpaka wa Kenya na Tanzania, wamo wengi ambao jina lao limekufa kwa wenye fedha. Zamani jina la mdeni lilikaa katika daftari la mwenye duka, na mtu aliyeshindwa kulipa duka hili aliweza kwenda kukopa duka la pili. Siku hizi daftari limekuwa moja. Katika Kenya kanuni za ofisi za kuandika habari za wakopaji zilitolewa mwaka 2008, na ofisi ya kwanza ikapewa ruhusa na Benki Kuu mwaka 2010. Watu huziita CRB. Katika Tanzania kanuni za namna hiyo zilitolewa mwaka 2012. Mkopo usiolipwa kwa muda wa siku 90 huhesabiwa kuwa mkopo mbaya, na habari zake hupelekwa huko. Kutokana na habari hizo hutengenezwa namba. Mojawapo ya ofisi za Kenya huhesabu toka 200 hata 900. Mwenye namba ya chini hunyimwa mkopo, au hutozwa riba kubwa kuliko mwenzake. Tena waajiri wengi walizoea kumtaka mtu atafutaye kazi alete cheti cha kuonyesha ya kuwa hadaiwi. Hata yule aliyeshindwa kulipa kwa kukosa kazi, akakosa kazi kwa kuwa hakulipa.

Tangu mwaka 2012 mikopo ilipoanza kutolewa kwa simu katika Kenya, mambo yalizidi. Mtu aliomba usiku akiwa kitandani, akapewa kabla hajalala, pasipo mdhamini, wala pasipo mtu wa kumwuliza fedha hizi ni za nini. Majina yakaandikwa hata kwa deni la shilingi mia chache, mpaka Benki Kuu ya Kenya ilipokataza, mwezi wa Aprili mwaka 2020, jina la mtu lisiandikwe kwa deni lililo chini ya shilingi 1,000.

Mfikirini mwalimu wa shule isiyo ya serikali. Mwezi wa Machi mwaka 2020 shule zote za Kenya zilifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona, wala hazikufunguliwa kwa wanafunzi wote hata mwezi wa Januari mwaka 2021. Mwalimu wa serikali alipokea mshahara wake. Huyu mwenzake mara nyingi hakupokea kitu, kwa kuwa mshahara wake watoka katika karo, na karo hakuna aliyelipa. Mwezi wa kwanza akala akiba yake. Mwezi wa pili akakopa kwa simu alipe kodi ya nyumba. Mwezi wa tatu akakopa kwa mkopeshaji mwingine ili amlipe wa kwanza. Hakulewa, wala hakucheza kamari. Alikula ugali na wanawe. Siku kengele ya shule ilipolia tena, alikuwa na madeni manne na jina lake limekwisha kuandikwa. Simtaji, kwa maana si mmoja.

Mtu kama huyu huacha kuja ibadani. Hajamwacha Mungu, lakini mzee wa kanisa aketiye kiti cha mbele ndiye aliyemdhamini katika chama cha akiba na mikopo. Huzima simu yake. Wakopeshaji wengine walikuwa na desturi ya kuwapigia simu ndugu na rafiki za mdeni ili wamwaibishe, na kanuni za Kenya za mwaka 2022 zimekataza jambo hilo. Katika Tanzania mikopo ya watu wasio na huruma imepewa jina na wananchi wenyewe, huitwa kausha damu; na mwezi wa Novemba mwaka 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya wakopeshaji 69 wa mtandaoni waliokuwa wakikopesha pasipo ruhusa. Mwenye dhiki hakimbilii huko kwa upumbavu tu. Huenda kwa sababu milango mingine imefungwa, nao mmoja uliosalia hauulizi jina.

Basi Kanisa limwambie nini? Nimesikia maneno mawili, na yote mawili ni mabaya. Wengine husema: Mungu amekusamehe, kwa hiyo usijali deni. Wengine hawasemi kwa kinywa, lakini humpita mlangoni na kumhesabu kuwa mtu asiyefaa hata kusoma somo la Jumapili. Hao wa kwanza huyatia maneno ya Injili katika daftari la benki. Hao wa pili hulitia daftari la benki katika kitabu cha uzima.

Sisi tuitwao Walutheri tunao mfano nyumbani mwetu. Mwanzo wa mwaka 1527 rafiki mmoja alimwomba Martin Luther gulden 8, naye akamjibu kwa barua ya kuwa hana. Alikuwa ameingia katika madeni yaliyopita gulden 100. Vikombe vyake 3 vilikuwa vimewekwa rehani. Tena Lucas Cranach, yule mchoraji, na mwenzake mfua dhahabu, walikuwa wamekataa kumpokea tena awe mdhamini wa watu. Litafakarini jambo hili. Cranach hakuwa adui. Alikuwa shahidi wa ndoa ya Luther mwaka 1525, na Injili aliisikia kinywani mwake. Hakuwaza ya kuwa mwalimu wake amehesabiwa haki kwa imani, na kwa hiyo sahihi yake yatosha kwa gulden 100. Wala hakuwaza ya kuwa sahihi yake haitoshi, na kwa hiyo mahubiri yake ni ya bure. Aliikataa sahihi, akaushika urafiki.

Na nyumba ile iliendeleaje? Bibi Katharina alipika bia, alifuga nguruwe na ng'ombe, alilima bustani, aliwapokea wanafunzi wakae na kula nyumbani kwa malipo. Luther alihubiri msamaha wa bure, na mke wake akahesabu mayai. Sioni ya kuwa kazi hizi mbili zilipigana.

Msamaha wa Mungu huja mara moja, nao huja mzima. Mwenye kuungama leo hasamehewi robo leo na robo mwakani. Lakini imani ya mwanadamu kwa mwanadamu, ikiisha kuvunjika, hurudi kwa mwendo wa kinyonga, na hakuna sala iwezayo kuuharakisha. Mtu akichanganya mambo haya mawili, ama atakata tamaa kwa kuwa namba yake haipandi baada ya kutubu, ama atamwona mwia wake kuwa ni mpinga Kristo.

Angalieni sasa maagizo ya nabii. Kwanza aliuliza kilichomo nyumbani. Mdeni naye na aanze hapo: ajue anadaiwa nini, na nani, na kiasi gani. Kanuni za Kenya humpa kila mtu haki ya kupata habari zake mwenyewe katika ofisi ya CRB mara 1 kila mwaka pasipo malipo. Wengi huogopa kuzisoma kama mtu aogopavyo kwenda kupimwa. Walakini ndimo wengine walimokuta deni walilokwisha kulipa zamani, au deni lisilo lao kabisa, nao wakapeleka malalamiko lirekebishwe. Kisha aende kwa yule amwiaye kabla hajafuatwa, aombe kulipa kidogo kidogo, na mapatano yaandikwe. Asikope kwa huyu kumlipa yule. Wala asimpe senti mtu ajigambaye ya kuwa ataliosha jina lake kwa siku 3. Habari ilipelekwa na mkopeshaji, na mkopeshaji ndiye mwenye kupeleka habari ya kuwa deni limelipwa.

Pili, nabii aliweka kulipa mbele ya kuishi kwa kilichosalia. Sisi twapenda kugeuza utaratibu huo. Nakubali ya kuwa mwenye watoto wenye njaa hawezi kuufuata sawasawa kila mwezi, wala simhukumu. Lakini mwezi ule mafuta yanapouzwa, deni litoke kwanza.

Mwezi wa Novemba mwaka 2022 Benki Kuu ya Kenya ilitangaza mpango kwa wadeni wa mikopo ya simu ya mabenki, watu wapatao milioni 4.2, wenye mikopo ya shilingi bilioni 30 hivi. Nusu ya deni iliweza kusamehewa, na nusu ilipwe mpaka tarehe 31 Mei mwaka 2023. Wako walioudharau mpango ule kwa kuwa haukusamehe yote. Mimi naona ulikuwa na hekima, kwa maana mtu aliyelipa ile nusu alipata pamoja na nafuu jambo la kumshuhudia.

Maana deni likiisha kulipwa, habari ya kuwa lilichelewa haifutiki siku ile; kwa kanuni za Kenya hukaa miaka 5 tangu siku ya malipo. Kinachobadilika ni neno moja: palipoandikwa linadaiwa, huandikwa limelipwa. Kutoka hapo jina hujengwa kwa vitu vidogo: akiba ya kila mwezi katika chama, mkopo mdogo uliolipwa siku yake, kisha mwingine. Ni kazi ya kuchosha, isiyo na sifa kwa watu.

Hapa nawageukia ninyi mnaoshika madaftari, makarani wa benki na waandishi wa vyama vya akiba, kwa maana wengi wenu ni Wakristo wa sharika hizi. Luther katika Katekisimo Kubwa ya mwaka 1529, alipoieleza Amri ya Nane, alifundisha ya kuwa pamoja na mwili na mke na mali mtu anayo hazina nyingine, ndiyo heshima na jina jema, wala hawezi kuishi kati ya watu akiwa amenyang'anywa. Mstari mnaouandika juu ya mtu ni ushuhuda. Mtu amelipa mwezi wa Februari, nanyi kwa uvivu mmeacha mpaka Septemba iandikwe ya kuwa adaiwa. Miezi 7 mmemshuhudia uongo jirani yenu, hata kama hamkufumbua kinywa. Nanyi wazee wa kanisa, msiitaje habari ya deni lililokwisha, hata kwa mzaha katika kikao cha kuchagua mtunza hazina. Kama mnaona hafai bado kushika fedha, mwambieni yeye mwenyewe, kwa upole.

Wengine wataniuliza juu ya kuwadhamini wenzao. Luther katika kitabu chake cha mwaka 1524 juu ya biashara na riba aliwaonya Wakristo wasijifanye wadhamini, ingawa mwenyewe hakulishika onyo lake, kama tulivyoona. Mtume Paulo naye alimwandikia Filemoni kwa mkono wake ili deni la Onesimo lihesabiwe juu yake. Mimi naona tofauti imo katika jambo hili: Paulo hakuahidi ya kuwa Onesimo atalipa; aliahidi kulipa yeye. Msitie sahihi kwa fedha msizoweza kuzitoa mifukoni mwenu bila kumchukia ndugu yenu baadaye.

Lakini mtungi mwaweza kuazima. Wako katika kila usharika watu wasio na fedha ya kukopesha, nao wana cherehani isiyotumika siku mbili za juma, au kipande cha shamba kilicholala, au nafasi mbele ya duka ambapo mama mmoja aweza kuweka meza ya maandazi. Mwazimeni mtu ambaye jina lake limeandikwa vibaya. Maandiko hayatuambii habari za ile mitungi baada ya mafuta kuuzwa. Mimi nadhani yule mjane aliiosha, akawatuma wanawe wawili, wale waliokuwa karibu kuwa watumwa, wairudishe nyumba kwa nyumba.